Mkeka wa Adhuhuri Ndefu

Jua lilikuwa limesimama. Si kwamba limechoka, maana jua la mji ule halikuwa na tabia ya kuchoka, wanaochoka ni watu. Lilisimama kwa sababu Ngwali alikuwa amekufa na bado hajazikwa. Ndivyo mambo yalivyo kule. Mtu akifa, saa inamsubiri. Akifa alfajiri, basi alfajiri itakaa hapo hapo mpaka afukiwe, majogoo wawike mpaka makoo yaote vidonda. Akifa usiku, jiandaeni na mbu. Ngwali yeye alikata roho adhuhuri. Jua utosini, kivuli cha kila mtu kimejificha chini ya nyayo zake kama kinadaiwa, na mji mzima unavuja jasho kwa ajili ya mzee mmoja ambaye uhai wake wote hakuwahi kumsubirisha mtu hata kwa kikombe cha chai.

"Jamani mzikeni mtu wenu tupate magharibi!" Bi Patima, jirani, alipiga kelele juu ya ukuta wa ua. "Wali wangu umeiva, umeungua, na sasa naona unataka kuiva tena!"

"Vumilia, Patima," Bi Mize, mjane wa Ngwali, akamjibu bila hata kugeuka. "Siku yako nayo ipo. Na nikujuavyo, weye utakufa saa ya kufua, tusimame kwenye mapovu mpaka vidole vitoke magamba."

Watu wakacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kizito, kilitoka kikaanguka palepale kama embe bovu.

Raya hakucheka. Raya alikuwa binti wa marehemu, mtoto wa pekee, na alikuwa na ule uchovu ambao ukilala nao unaamka umezaa. Alimlisha baba yake, akamgeuza ubavu huu na ubavu ule, akamfuta mate, miaka ikapita juu ya mgongo wake kama watu wanaopita darajani bila kulitazama daraja. Na katika miaka yote hiyo, sikilizeni basi, baba yake hakuwahi hata mara moja kumwita Raya.

Alimwita Faki.

"Faki, niletee maji."

"Abee, baba."

"Faki, funga dirisha, kuna watu wananitazama."

"Abee, baba. Hamna mtu."

Faki! Jina la kiume, la mtu asiyejulikana ukoo wala kijiji. Alipokuwa mdogo watoto wenzake walimzunguka wakiimba, "Faki ana ndevu, Faki ana ndevu," naye akakimbilia kwa mama analia. Bi Mize akamwambia, "Itikia tu, mwanangu. Babaako alirudi kutoka vitani na vitu viwili, mkeka na jina hilo. Mkeka tunaulalia. Jina nalo lazima mtu alilalie." Basi akaitika. Lakini hebu jiulize, mtu anayeitikia jina la mwingine asubuhi na jioni, la kwake linakwenda wapi? Linasimama mlangoni linabisha hodi? Au siku moja linachoka na kwenda kumtafuta mtu mwingine wa kumwita? Raya alikuwa na swali hilo tangu meno ya utoto. Faki ni nani? Alimuuliza baba yake mpaka akakoma. Mzee aligeukia ukuta, na ukuta ndio ukawa unamtazama binti kwa huruma. Sasa amekufa na jibu lake mdomoni, na wanawe wa kike wote duniani, yaani huyu mmoja, amebaki na jina lisilo na mwenyewe.

Sasa, kwenye kizingiti cha nyumba ile alikuwa ameketi mgeni. Anaitwa Bwana Vuai, mtunzaji wa Nyumba ya Vioo. Nyumba hiyo iko ng'ambo ya mji, na ndani yake wanaweka mambo yaliyopita ili yasipite zaidi. Kuna kiatu cha askari ambacho bado kinatembea kidogo kidogo ndani ya sanduku. Kuna kikohozi cha mfungwa kwenye chupa, ukizibua kinakohoa. Bwana Vuai mwenyewe alikuwa mtu mpole, shati limemganda mgongoni, macho mekundu ya mtu anayesoma vitu vilivyofutika.

"Mama," alisema, "samahani kwa kuja na maneno haya mbele ya maiti. Marehemu alikuambieni nini kuhusu vita?"

"Alisema vimekwisha."

"Basi?"

"Basi. Na hilo nalo hakulisema kwa uhakika."

Bwana Vuai akavuta pumzi. Akaeleza kwamba kule kambini, vita vilipowameza vijana wa nchi hii na kuwatema kwa adui, mateka walilazimishwa kusuka mikeka. Askari wa lindo walitaka vitu vya kulalia. Wanaume waliokuwa wakiwacheka dada zao kwa kusuka, wakakalishwa chini na kufundishwa kwa fimbo. Karatasi marufuku, kalamu marufuku. Wakachovya mwiba kwenye masizi, wakawa wanaandika juu ya miyaa, yale majani yaliyochanwa ya kusukia, kisha wanaukunja mwaa maandishi yaingie ndani, wanausuka. Walinzi wakawa wanalala juu ya maneno ya wafungwa wao, wanaota ndoto zisizo zao, hawajui kwa nini wanaamka wanalia. Haya yote yalijulikana juzi tu, panya walipotafuna mkeka wa aina hiyo kwenye mji mwingine, wakaanza kuzungumza.

"Mkeka wa marehemu ni mmojawapo," Bwana Vuai alisema. "Nipeni. Tuufumue taratibu, tuusome, tuuweke kwenye kioo. Ukienda kaburini, kila kilichompata kinaoza naye."

"Haiwezekani," Bi Mize akasema.

"Mama..."

"Nimesema haiwezekani, baba. Wewe si wa mji huu? Huijui desturi? Mtu anateremshwa na mkeka aliolalia. Asiye na mkeka wake, huko chini anakaa amesimama mpaka mwisho wa dunia. Mume wangu kasimama vya kutosha. Kule walikuwa wanamsimamisha juani wakihesabu watu, akianguka mmoja wanaanza upya. Hapa kwangu alikuwa akisikia mtu anahesabu hata nazi, anainuka kitini. Leo nataka alale."

Bwana Vuai akafuta jasho machoni. Halafu akasema polepole, kama mtu anayevua kidonda kitambaa, "Baba yangu mimi alichukuliwa siku ileile aliyochukuliwa mzee wenu. Hakurudi. Hatukupewa hata kifungo cha shati. Nataka tu kujua kama kuna mahali ametajwa."

Hapo hata Bi Patima alishuka ukutani, akarudi kwa wali wake.

"Raya," Bi Mize akasema, "upeleke mkeka uani ukaupanguse. Ukikauka tunamtoa."

Raya akauchukua. Ulikuwa mzito kuliko mkeka unavyopaswa kuwa. Akautandika uani, pembeni ya kinu, akachovya kitambaa, akaanza kupangusa, na moyo wake ukaanza kumshawishi. Si unajua mkeka unavyotengenezwa? Unasukwa ukili mmoja mrefu, utepe usiokwisha, kisha ukili ule unashonwa ubavu kwa ubavu mpaka unakuwa mpana. Kwa hiyo ukiukata uzi kwenye ukingo, ukili unaachia, na ukivuta, mwaa mmoja unatoka, na mwingine, na mwingine.

Mmoja tu, alijiambia. Nione mmoja tu, nijue Faki ni nani, nirudishe.

Akakata uzi kwa meno. Mwaa wa kwanza ukachomoka kama ulimi. Akaukunjua. Herufi za masizi, ndogo kama mayai ya sisimizi:

*Nimeliona paa la kwetu. Sijui nitabisha hodi kwa jina gani.*

Akakaa chini. Aliutarajia mwanzo, amekutana na kurudi nyumbani. Akavuta wa pili.

*Lango limefunguliwa. Hakutoka mtu. Tulidhani ni mtego.*

Wa tatu.

*Wanasema vita vimekwisha. Nikauliza, vimekwenda kwa nani?*

Ndipo akaelewa. Alitaka kucheka, akakosa nguvu. Mkeka haufumuliwi kutoka ulikoanzia, unafumuliwa kutoka ulikoishia. Mwaa ulioingia mwisho ndio unaotoka mwanzo. Maisha ya baba yake yalikuwa yanamjia kinyumenyume, kama mtu anayeondoka chumbani kwa adabu, uso bado umekuelekea.

*Nasuka peke yangu.*

*Mahali pake analala mtu mwingine. Hana kosa lolote. Namchukia anavyokoroma.*

*Tumemzika Faki bila mkeka. Wamesema mikeka ni ya wanaoishi. Amesimama. Najua amesimama.*

Raya akaushika mwaa ule kwa mikono miwili. Basi huyu hapa. Miaka yote aliitikia jina la maiti. Baba yake alikuwa akimtazama usoni, asubuhi kwa asubuhi, na kuona kaburi lililosimama. Alihisi uchovu wote wa kumbeba mzee yule unamrudia kwa mkupuo. Akasema moyoni, ndiyo hiyo, sikuwa mtoto, nilikuwa alama ya kaburi inayopika uji. Angeweza kuacha hapo. Mtu mwenye akili angeacha. Lakini mkono wa aliyeumizwa haukai, unarudi palepale panapouma. Akavuta tena.

Mtu akakohoa.

Akageuka. Juu ya kinu ameketi mwanamume mwembamba kama fito, nguo za kambi, miguu imefungwa matambara. Uso wa kijivu. Anakohoa kama anatafuta kitu kifuani kwake hakipati.

"Endelea," akasema yule mtu. "Nikiwa hivi siwezi hata kuongea vizuri."

Raya hakuuliza wewe ni nani. Kuna maswali ambayo ukishayabeba sana, siku jibu likija unalitambua kwa mwendo. Akavuta mwaa, na mwingine, na mwingine. *Faki hali. Faki amekula kidogo. Faki kaniambia suka, ukiacha utaisikia njaa.* Na kila mwaa uliotoka, yule mtu kwenye kinu akapata rangi. Mashavu yakajaa. Kikohozi kikapungua, kikawa kusafisha koo tu, kikaisha. Yaani kifo kilikuwa kinamvuka kurudi kilikotoka!

"Babaako," Faki akasema, sasa anatabasamu, "alikuwa na vidole kama mafungu ya ndizi. Nilimfundisha kusuka mpaka nikataka kulia. Jeshi zima linamwogopa kwa bunduki, ukili wa miyaa minne unamshinda. Nikamwambia, ndugu yangu, ndiyo maana tumeshindwa vita."

"Wewe ulijulia wapi kusuka?"

"Kwa mamaangu. Nyumbani hatukuwa na msichana. Walinicheka mtaani, wee! Walinicheka mpaka vita vikaja. Kambini hakucheka mtu, kila mmoja alitaka akae karibu na mimi."

Raya akavuta. Mwaa huu ulikuwa mrefu, umeandikwa pande zote mbili.

*Nimemwahidi Faki. Mwanangu wa kwanza ataitwa yeye, awe wa kiume awe wa kike. Akacheka, mwanamke ataitwaje Faki, watamla nyama. Nikasema watu wamwite watakavyo. Mimi nitamwita hivyo, ili kila siku, mpaka nife, nikiita jina hili pawe na mtu anaitika.*

Hakulia. Watu wanadhani jambo kama hili linakuja na machozi. Lilikuja na usingizi. Mabega yake yakashuka, kama mtu aliyebeba mtungi kichwani safari nzima halafu anaambiwa hapa ndipo, tua. Kumbe hakuwa alama ya kaburi. Alikuwa jibu. Kila "abee" yake, hata zile za hasira, hata zile alizoitika akiwa amekunja uso jikoni moshi unamchoma, zilikuwa zinaangukia kwenye shimo fulani la mbali na kulijaza. Na yeye hakujua! Mzee naye hakusema! Hivi ni watu wa namna gani hawa, wanaoficha upendo mahali ambapo lazima uuvunje ndipo uuone?

Akaushika tena ukingo wa mkeka. Umebaki nusu.

"Nikiendelea?" akauliza.

"Nitanona," Faki akasema. "Nitakuwa kijana. Nitaimba, nina sauti mbaya lakini nitaimba. Kuna siku tuliiba sukari, hiyo ikikujia utacheka mpaka ubavu uume." Kisha akatazama mikono yake. "Halafu ukifika mwisho, yaani mwanzo, utafika siku ambayo mimi na babaako hatujakutana. Nitakuwa nimekaa hapa, mzima wa afya, na ukinitajia Ngwali nitakuuliza, Ngwali yupi?"

Jua halikusogea. Maji kwenye kitambaa yalikuwa yamekauka zamani.

Raya alitamani kuisikia ile habari ya sukari. Alitamani kama mwenye kiu. Ndani ya nusu ile kulikuwa na baba anayecheka, mtu ambaye hakuwahi kukutana naye, na yuko umbali wa kuvuta tu. Nani asingevuta? Lakini kukijua kitu chote na kukimaliza, tofauti yake ni nini? Akauachia ukingo. Akaurudisha mkono kama mtu anayefunga mlango na ndani kuna ngoma.

"Raya!"

Bi Mize amesimama mlangoni mwa ua. Aliona mkeka nusu, aliona fungu la miyaa. Juu ya kinu hapakuwa na mtu.

"Umemfanya nini babaako?"

"Mama..."

"Nimekwambia upanguse! Kupangusa ndiko huku? Sasa alale wapi? Kichwa kilale, miguu isimame?"

Raya akasogea. Akampa ule mwaa mrefu. Bi Mize hakujua kusoma, basi binti akamsomea, kwa sauti ya chini. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapiga magoti, taratibu, akaupima mkeka kwa shubiri, akatulia mkono ukiwa hewani.

"Akikunja miguu anaenea," akasema.

"Atakunjaje, mama, maiti?"

"Tutamlaza ubavu, magoti ndani. Alikuwa analala hivyo tangu aliporudi. Amejikunja, kaniachia nafasi kubwa kitandani, nafasi ya mtu mzima. Miaka yote mimi nilidhani ananikwepa." Akapangusa uso kwa upande wa kanga. "Kumbe alikuwa anampisha mtu. Lete uzi tuufunge ukingo huu, usije ukafumuka njiani."

Wakashona, mama na binti, mmoja anashika mwingine anapitisha uzi. Kabla ya fundo la mwisho Raya akauchukua ule mwaa wa ahadi, akaukunja maandishi ndani, akaurudisha mahali pake. Na ule mwingine, wa Faki kuzikwa bila mkeka, akauacha nje. Huo haukuwa na kazi tena.

Bwana Vuai alipokea fungu la miyaa kwenye ungo. Akasoma palepale kizingitini, midomo inacheza, jasho linadondokea herufi. Akafika mwisho.

"Mwanzo uko wapi?"

"Mwanzo anakwenda nao," Raya akasema.

"Bibi, hii ni nusu. Tena nusu ya mauti matupu. Nitaweka nini kwenye kioo, njaa na kuzika?"

"Weka hivyo hivyo. Watu wajue walifanywa nini. Waliyochekea si ya kioo."

Akainuka na ungo wake mikononi. "Na baba yangu? Humu hayumo. Labda yumo kwenye mwanzo. Labda jina lake liko hapo, mwaa mmoja tu kutoka ulipoacha. Unaniambia nirudi kwetu bila kujua?"

Raya hakutaka kumzuga. Alimtazama yule mtu, macho yaliyochoka yakatazamana na macho yaliyochoka. Alijua anamnyima kitu ambacho yeye mwenyewe ameshakipata.

"Ni kweli," akasema. "Naweza kuwa nakudhulumu. Lakini kama yumo, hajafa bado humo. Nikimtoa nitamtoa peke yake. Nikimwacha, amelala na wenzake."

Bwana Vuai alisimama muda mrefu. Katika mji ule, adhuhuri ile, muda mrefu ulikuwa hauna kipimo. Kisha akauweka ungo chini, akavua viatu, akaingia ndani. Walipomtoa Ngwali, amelazwa ubavu juu ya mkeka mfupi kama mtoto aliyesinzia, pembe moja ya jeneza ilikuwa kwenye bega la Bwana Vuai.

Wanaume wakaenda. Wanawake wakabaki uani, kama desturi. Raya alisimama karibu na kinu. Kutoka kule walikokwenda, upepo ulileta sauti za majembe, kisha kimya, kisha sauti moja anayoijua kuliko zote, iliyochoka, ya mtu anayejaribu kujipatia mahali pa kulala:

"Faki."

Mdomo wake ukafunguka wenyewe, kwa mazoea ya umri mzima. Lakini kabla hajasema abee, mtu mwingine alikwishaitika, sauti nzito, karibu sana na ile iliyoita.

"Naam. Sogea kidogo."

Raya akafunga mdomo. Chini ya nyayo zake kitu kikajinyoosha, cheusi, kikavuka kinu, kikapanda ukuta. Kivuli.

"Ee Mola, magharibi inakuja!" Bi Patima alipiga kelele. "Nani ana moto, wali wangu umepoa!"

Bi Mize alikuwa ameketi kwenye kizingiti, mikono imelala mapajani, hana tena wa kumpikia uji.

"Raya," akaita.

Jina lilisikika jipya, kubwa kidogo, kama nguo ya sikukuu. Alichelewa kujua ni yeye anayeitwa.

"Raya, mwanangu. Njoo ukae."

"Abee, mama," akasema, akaenda akakaa.